Mwalimu wa Viti Viwili

Mimi nilitoka shule darasa la sita, na wale tuliokaa nao dawati moja wakaendelea hadi chuo, leo wananiomba kazi. Sio kujigamba, ni ukweli, uliza mtu yeyote hapa Roret. Nina malori matatu yanayobeba majani chai kutoka vituo vya wakulima hadi kiwandani. Nina duka la simiti na mabati. Nina ng'ombe wa maziwa wanaolala mahali pasafi kuliko nilipokuwa nikilala mimi. Hayo yote nimejitafutia kwa mikono hii. Lakini kuna kitu kimoja sikujitafutia, nilifundishwa: kusalimia mtu. Nilifundishwa nikiwa na miaka thelathini na nane, mbele ya wanaume kumi na mmoja wanaotetemeka kama mimi, na aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa kutoka upande wa ziwa aliyevaa tai na gambuti.

Tulimwita Mwalimu. Mambo ya kuzaliwa kwake siyajui na sikuwahi kumuuliza. Wala hakuwa mwalimu wa shule. Miaka mingi alikuwa karani wa mizani katika shamba kubwa la chai, yule anayesoma uzito wa kikapu huku wachumaji wakimtazama mdomo. Alikunywa chang'aa katika nyumba za laini, zile za wafanyakazi wa shamba, mpaka kazi ikamtema, kisha siku moja akaacha. Nyumba ya matibabu ya walevi iliyo karibu na Kiptere, ile ya kanisa, ikamchukua afanye kazi ambayo wengine waliiona ya mchezo. Daktari alitupa dawa, mchungaji alituombea, mshauri alituuliza habari za utoto wetu. Mwalimu alitufundisha kuishi na watu.

Mtu ambaye hajapitia huko atacheka. Atasema, mtu mzima afundishwe kuongea? Mimi nilikuwa dereva wa trekta, bangi asubuhi, chang'aa mchana, na vidonge vya kunizuia nisilale kwa usukani. Kwa miaka kumi na tatu sikuwa nimeongea na mtu nikiwa mimi. Ukiondoa hivyo vitu kwa mwili, unabaki kama nyumba iliyotolewa mabati. Hujui mikono uiweke wapi. Mtu akikuuliza habari, unaona kama anakutega.

Alikuwa na viti viwili vya mbao. Aliviweka katikati ya chumba vikitazamana. Kimoja unakaa wewe, kingine anakaa mwenzako akiwa ndiye mtu unayemuogopa: mke wako, chifu, rafiki yako wa pombe, mdogo wako uliyemvunja jino. Halafu mnaongea kama ni kweli.

Siku yangu ya kwanza alikaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha pili. Akaniambia nitoke nje, niingie, nimsalimie.

Nikaingia. "Chamgei," nikasema.

"Umesalimia ukuta. Toka."

Nikatoka, nikaingia. "Chamgei, Mwalimu."

"Sasa umesalimia kiatu changu. Toka."

"Hicho kiatu ndicho kinanitazama, Mwalimu."

Watu walicheka mpaka mmoja akatapika, lakini huyo alikuwa atapike tu. Mwalimu hakucheka. Nilitoka na kuingia mara saba. Mara ya saba nikamtazama machoni, na nakuambia ukweli, machozi yalinitoka na sikujua ni ya nini. Akasema, "Dereva, kaa. Umefika." Tangu siku hiyo mpaka mwisho aliniita Dereva, hata nilipokuwa nimeajiri madereva wangu.

Alikuwa na maneno yake, mengine nimeyaweka kwa biashara yangu mpaka leo. Alisema mtu akikuudhi usihesabu vidole vya mikono, hesabu vya miguu, kwa sababu vya mikono unaweza kukuta vimeshakuwa ngumi. Alisema pombe ilikuwa inatusemea, na sasa lazima tujisemee wenyewe kwa sauti mbaya tuliyo nayo. Alisema mke wako akianza kukutajia makosa, usiseme "lakini". "Hiyo lakini yako," alisema, "imeze kama quinine."

Na hakutaka huruma kwenye kiti cha pili. Ukikaa kama mke wa mwenzako halafu umsamehe haraka, alikusimamisha. "Huyo mwanamke umemtoa wapi? Mbinguni? Huyu ana mke Chepseon, amelala njaa miaka mitano. Mjibu kama yeye." Alisema kumrahisishia mtu pale ndani ni kumtuma uchi kwenye baridi.

Usifikiri alikuwa malaika. Alitufundisha kusikiliza, lakini ukienda naye sokoni alimkata kila mtu maneno. Alitufundisha upole, na nilimwona akimfokea mwanamke wa nyanya mpaka nikajifanya simjui. Alitukataza kuishi peke yetu, akasema upweke ndio chupa ya kwanza, na yeye aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya kituo cha majani, na jiko la mafuta na harufu ya samaki wa omena. Alikula peke yake, akaosha sahani moja.

Kosa lake kubwa la kazi nalijua vizuri kwa sababu lilinipata mimi.

Alikuwa ametufundisha kukataa kikombe. Tulifanya mazoezi wiki tatu kila siku. Mwenzako anakuletea kikombe, anakubembeleza, anakutukana, anakuambia umekuwa mwanamke, na wewe unainua mkono hivi, unamtazama, unasema: "Asante, mimi nimeacha. Naomba uheshimu." Tulisema mpaka tukawa tunasema usingizini. Mimi nilikuwa namba moja. Hakuna aliyekataa kikombe kama mimi katika nyumba ile yote.

Nikamaliza miezi yangu, nikaenda nyumbani. Mama yangu alikuwa amenisikia nikija. Alikuwa ametoa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, yamelala siku nyingi na mkaa wake, yale hupewa mtu aliyerudi kutoka mbali. Amevaa kitambaa cha kanisani. Majirani wamesimama kwa ua wanatazama. Akamimina kikombe, akanipa kwa mikono miwili.

Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nikamtazama machoni vile nilifundishwa. Nikasema, "Asante, mimi nimeacha. Naomba uheshimu."

Mama alikaa chini pale pale kwenye nyasi. Kwetu, mtoto akikataa mursik ya mama yake mbele ya watu, amesema huyu si mama yangu tena. Jirani mmoja akasema kwa sauti, "Afadhali alipokuwa mlevi, alikuwa anakunywa." Nilijaribu kueleza, nikachanganyikiwa zaidi. Nilirudi Kiptere kwa miguu siku hiyo hiyo, na nikuambie, nilipita mlango wa mama pima mmoja, muuza chang'aa, nikasimama hapo muda mrefu.

Mwalimu aliposikia kesho yake asubuhi, alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Alitumia mikono miwili?" akauliza.

"Miwili, Mwalimu."

"Na mimi sikufikiria maziwa. Miaka yote nimekaa huku kwenu, sikufikiria maziwa." Akachukua koti. "Aliyekosea ni mwalimu, sio mwanafunzi. Twende."

Tulifika kwetu jua likiwa bado juu. Mzee yule, mgeni, na tai yake, alisimama mbele ya mama yangu akavua kofia. "Mama, mtoto wako hakukukataa. Mimi ndiye nilimfundisha vibaya. Nimekuja uniambie ubaya wangu." Hakusema "lakini". Mama alimwambia ubaya wake karibu nusu saa, kwa Kipsigis, naye alikuwa anaelewa nusu tu, akawa anaitikia. Kisha mama akamimina tena. Mimi nikanywa. Yeye pia akapewa, na huyo mtu alichukia mursik kuliko kitu chochote duniani, alikuwa anasema ina ladha ya moto uliozimwa. Alikunywa vikombe viwili. Machozi yalimtoka, mama akadhani ni ya toba, akamwongezea cha tatu.

Kutoka siku hiyo somo likabadilika. Kabla ya kukataa kikombe, kila mtu alilazimika kutaja: kina nini ndani, na nani ameshika.

Nimeeleza hayo ili ujue jambo moja. Mtu huyu alikuwa anajua kuomba msamaha. Alikuwa anaujua kama mimi ninavyojua gia. Kwa mama yangu ulimchukua safari moja. Lakini alikuwa na binti yake mmoja tu, fundi wa kushona nguo za shule pale Chepilat, na kwa huyo hakuwahi kwenda. Mwendo wa saa moja na kitu kwa gari.

Hadithi yake alinipa kwa vipande, na ni ya aibu, lakini alishasema mwenyewe mbele ya wanafunzi, kwa hivyo simvunjii heshima. Binti alipokuwa msichana, watu wa kijana fulani walikuja kumposa. Wazee sita, wamevaa suti, wameleta heshima zao. Mke wake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa amepika tangu alfajiri. Mwalimu akaja kutoka kwa pombe, akakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, akaanza kuwaambia wageni habari za binti yake. Akawaambia ni mvivu. Akawaambia mchukueni, mimi nimechoka kumlisha. Akasema na mengine ambayo baba hasemi. Msichana alikuwa amesimama mlangoni ameshika sinia. Wageni waliinuka kabla ya kula, na hawakurudi, wala kijana hakurudi. Binti akahama wiki hiyo. Hakuolewa na huyo, hakuolewa na mwingine.

Katika kiti cha pili tulikaa kama kila mtu: wake, mapolisi, mashemeji. Hakuna siku Mwalimu aliruhusu mtu akae kama binti yake. Kuna mwanafunzi alijaribu kumwuliza, "Na wewe, Mwalimu, wako utamwendea lini?" Akajibu, "Bado najifunza." Alikuwa na miaka zaidi ya sitini.

Kulikuwa na fundi wa baiskeli tuliyekuwa naye, mtu mpole, aliyefanya mazoezi yote bila kosa. Alitoka siku ya Jumatatu, Ijumaa wakamkuta amekufa kwa mtaro. Mwalimu alivigeuza viti vikatazama ukuta, na kwa wiki nzima hakufundisha. Aliniambia, "Nilimfundisha kusema hapana, Dereva. Sikumfundisha aende kwa nani baada ya kuisema." Nilidhani anaongea juu ya fundi wa baiskeli peke yake. Siku hizi sina hakika.

Mimi niliendelea. Lori la kwanza, la pili. Kila mwezi nilipita kumwona, nikampelekea unga na sukari, na alipenda nimweleze habari za biashara, akinikosoa vile ninavyoongea na wachumaji. Mwaka jana figo zikaanza kumshinda. Akawa amevimba miguu, gambuti haziingii. Kiti alikaa, lakini kusimama ilikuwa mpaka umshike. Nikaona muda unaisha, na mimi ni mtu wa kutengeneza mambo. Barabara ikiharibika mimi silii, naleta changarawe.

Kwa hivyo nikaenda Chepilat bila kumwambia.

Nilivaa suti. Nilibeba mchele na mafuta kwenye pikapu. Duka lake lilikuwa dogo, sketi za bluu zimening'inia mpaka mlangoni, na yeye yuko kwa cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, macho ni ya baba yake kabisa. Nikamsalimia vizuri sana. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia niangalie, mimi nilikuwa takataka, baba yako ndiye alinitoa, sasa nina malori matatu. Nikamweleza habari ya mursik, nikidhani atacheka. Nikamwambia mzee ni mgonjwa, anajuta, amsamehe.

Aliendelea kushona mpaka mshono ukaisha. Akakata uzi kwa meno.

"Baba yangu ndiye amekutuma?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Kwa hivyo kundi baada ya kundi anawafundisha kuongea na watu wenu, miaka yote hiyo. Na mimi naletewa dereva."

Sikuwa nimemwambia kwamba naitwa Dereva. Alisema tu kwa vile aliona pikapu. Lakini ilinikata.

"Dada yangu, yeye anaogopa," nikasema.

"Najua kuogopa. Mimi sina hasira na yeye, umwambie. Hasira iliisha zamani, ilinichosha. Ni vile sina mahali pa kumweka. Siku hizi nimejaa." Akaangalia nje kwa pikapu yangu. "Na hivyo vitu rudi navyo. Hapa hakuposwi mtu."

Nilirudi navyo. Njia nzima nilikuwa najitukana. Kwa sababu hilo lilikuwa somo la wiki ya kwanza kabisa, hata wale waliokuja wakiwa bado wanatetemeka walilielewa: msamaha hautumwi kwa mtu. Unaubeba mwenyewe. Mimi namba moja, mwenye suti, nilichukua msamaha wa mtu mwingine nikaubeba kama mzigo wa majani, na pale ulipokuwa umebaki mlango mdogo, nikaupitishia lori.

Sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia akipata nafuu.

Hakupata. Lakini niseme kwanza kwamba nilimzika vizuri. Kanisa lilitaka kukodi gari, nikasema hapana. Nilitoa lori langu jipya, likaoshwa mpaka hakuna jani moja, na mimi mwenyewe nikashika usukani mpaka kwao ziwani. Wanafunzi wake wa zamani walijaa magari mengine mawili, na hakuna aliyelewa, katika matanga ya siku mbili. Binti yake alikuja. Alikaa upande wa wageni. Mtangazaji alipoita watoto wa marehemu wasimame, hakusimama, na hakuna aliyemwonyesha kidole. Sikumwendea. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza.

Sasa ile siku ya mwisho nilipokaa naye akiwa na akili zake. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kupima majani, na lori langu lilikuwa limesimama pale kituoni nje ya chumba chake likipakia. Nilimkuta ameketi kitandani amevaa tai. Shati halikufunga shingoni kwa uvimbe, kwa hivyo tai ilikuwa imekaa tu juu. Vile viti viwili alikuwa amevileta kutoka kule nyumba ya matibabu alipostaafu, na alikuwa amefanya jirani avipange.

"Nisaidie nikae," akasema.

Nikamsaidia. Akanionyesha kiti cha pili.

"Nikae kama nani?"

"Unajua."

Nilikaa. Nakuambia nimewahi kukaa mbele ya mameneja wa benki na sikutetemeka. Pale goti langu lilikuwa linaruka.

Akavuta pumzi. "Mama," akasema. Kwao baba humwita binti yake mama, kwa upendo. "Mama, nimekuja. Siku ile ya wageni nilikuvunja mbele ya watu. Yote niliyosema yalikuwa uongo, na hata kama yangekuwa kweli sikupaswa. Sijaja kuomba unichukue. Nimekuja kusema nikiwa mzima." Hakusema "lakini". Alisema polepole, kama mtu anayesoma mizani.

Nikamtazama mzee yule, miguu kama mito, na nikashindwa. Nikasema, "Nimekusamehe, baba. Karibu nyumbani."

Akanitazama kwa uchungu hivi, kama siku ile ya kiatu.

"Huyo umemtoa wapi? Huyo si yeye. Rudia."

Nikainamisha kichwa. Na kwa sababu hakunifundisha kudanganya kwenye kiti kile, nikarudia. Nikasema, "Mimi sina hasira na wewe. Hasira iliisha zamani, ilinichosha. Ni vile sina mahali pa kukuweka. Siku hizi nimejaa."

Nje wachumaji walikuwa wakibishana juu ya mizani. Akasema, bila ukali:

"Ulienda Chepilat."

"Nilienda, Mwalimu. Nilikosea. Nilibeba kitu ambacho si changu nikakiharibu. Uniambie ubaya wangu."

Nilingoja aniambie. Nilikuwa tayari kwa nusu saa, kwa siku nzima. Yeye aliinama mbele, akashika goti langu lililokuwa likiruka.

"Anashona bado?"

"Anashona. Duka limejaa sketi."

"Amenenepa?"

"Kidogo. Macho ni yako."

"Na mimi aliniita nani? Alipokuwa anaongea nawe, alisema mzee huyo? Alisema jina?"

Nikafikiria vizuri, kwa sababu nilijua hapa hataki huruma, anataka neno lenyewe. "Alisema, 'Baba yangu ndiye amekutuma?'"

"Sema vile alisema yeye. Sio vile unasema wewe."

Nikajaribu kuikumbuka sauti yake, pamoja na ile pumzi ya mtu aliyetoka kukata uzi. "Baba yangu ndiye amekutuma?"

Alifumba macho. "Rudia."

Nikarudia. Nje lori lilikuwa limeshapakia, na dereva wangu akaanza kupiga honi, kwa sababu majani yakichelewa kiwandani yanaharibika na mimi huwa nafuta mtu kazi kwa hilo. Akapiga mara mbili, akapiga ndefu. Nikaiacha ilie.

"Rudia," akasema Mwalimu, na nikarudia.